Ukurasa wa Ushonaji: Vitambaa Vipya vya Viraka na Mkoba wa Safari

Barua zilizofika tangu toleo lililopita zinazunguka mambo mawili yanayoshikana: wasomaji wanakutana na vitambaa ambavyo hawajawahi kuvishona, na wengi wao wanataka kuvitumia kushonea mkoba wa safari badala ya mfarishi wa kitandani. Nimechagua barua zinazowakilisha nyingine, na zile zilizouliza jambo moja nimezijibu pamoja. Vipimo vyote nimevitoa kwa sentimita na milimita.

Swali: Shikamoo, Fundi. Kwa muda mrefu nimeshona mifarishi ya viraka kwa pamba ya kawaida tu. Hivi karibuni nimeanza kukusanya vitambaa vingine: batiki, pamba nyembamba inayokaribia melimeli, kitani kilichochanganywa na pamba, na kitambaa kimoja ambacho rangi yake hubadilika kila nikikigeuza kwenye mwanga. Vyote vinanivutia, lakini sijui kipi kitafaa viraka, kipi kitafaa mkoba, na kipi nikiache kabatini.

Jibu: Marahaba. Ushauri wangu ni kwamba rangi uipe nafasi ya pili. Kitambaa huuzwa kwa rangi na nakshi yake, lakini kinachoamua kama mshono utakaa ni ufumaji, yaani jinsi nyuzi za mtande (zinazokwenda kwa urefu) na za mshindio (zinazokatiza kwa upana) zilivyobanana, pamoja na unene wa kitambaa na kiasi kinavyovutika. Kwenye mfarishi unaolazwa kitandani, kitambaa kilichofumwa kwa kulegea kinaweza kudumu miaka mingi bila tatizo. Kwenye mkoba unaobeba kilo kadhaa kwa vishikio viwili, kitambaa hicho hicho kitaanza kuachia mshono mapema.

Anza na pamba unayoijua, uifanye kipimo cha nyingine zote. Pamba inayotengenezwa kwa ajili ya viraka hufumwa kwa mfumo wa uzi mmoja juu, mmoja chini. Huwa na upana wa takriban sentimita 110, na mita moja ya mraba huwa na uzito wa karibu gramu 140 hadi 150. Mtande na mshindio wake hukaribiana kwa unene, ndiyo maana hukatika sawasawa, hukunjika vizuri chini ya pasi, na hukubali mshono mwembamba wa milimita 6 bila kuachia.

Batiki hupambwa kwa nta: panapopakwa nta, rangi haiingii. Kwa kuwa kitambaa huzamishwa katika rangi, upande wa mbele na wa nyuma hukaribiana sana, jambo linalomfaa mshonaji wa viraka, kwani pembetatu iliyokatwa kinyume unaigeuza tu na kuitumia. Sanaa hii inajulikana zaidi kisiwani Java, na mwaka 2009 UNESCO iliingiza batiki ya Indonesia katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Pamba ya batiki nzuri hufumwa kwa kubana ili mistari ya nta itoke safi, na ubanaji huo ndio faida yako na pia kero yako. Kingo hazitoi nyuzi kwa urahisi na ncha za pembetatu hutoka kali. Lakini sindano iliyochakaa hupenya kwa shida, na utaisikia cherehani ikigonga kila inapotoboa. Weka sindano mpya, nyembamba, yenye ncha kali, namba 70/10 au 80/12, na kugonga huko kutakoma. Kitenge na vitambaa vingine vilivyochapwa kwa kuiga batiki vina sifa hiyo hiyo ya kufanana pande mbili, ila baadhi hutoka kiwandani vikiwa na wanga unaovipa ugumu wa muda. Vifue kwanza, kisha uvihukumu.

Ile pamba nyembamba ni nzuri kwa viraka vidogo sana kwa sababu mishono yake haijazi. Tatizo lake ni kwamba huonyesha kilichoko chini yake: mshono wa kitambaa cheusi utaonekana kama kivuli kupitia kiraka cheupe. Laza mishono upande wa kitambaa cheusi, na kwa mkoba igandishe pamba hiyo nyembamba kwa pasi juu ya kitambaa chembamba chenye gundi kabla ya kukata viraka. Kitani kilichochanganywa na pamba kinafaa mkoba kuliko vyote ulivyovitaja, kwa kuwa ni kizito na hakivutiki sana, lakini kingo zake hutoa nyuzi mno. Usikishone kwa mshono wa milimita 6. Kipe sentimita 1 nzima.

Kitambaa kinachobadilika rangi kimefumwa kwa mtande wa rangi moja na mshindio wa rangi nyingine. Chomoa uzi mmoja ukingoni, kisha uchomoe mwingine unaokatiza huo, uilaze miwili juu ya karatasi nyeupe, nawe utaona wazi: pengine mmoja ni mwekundu na mwenzake ni wa buluu, na macho yako yalikuwa yakiichanganya kuwa zambarau. Viraka vikielekea upande mmoja vitaonekana vya rangi moja. Vikigeuzwa robo ya mzunguko, kila kimoja kitaakisi mwanga kwa namna yake. Mimi hupenda kuvigeuza kimoja baada ya kingine kwa makusudi, maana kitambaa kimoja hufanya kazi ya viwili. Mara nyingi ufumaji wake umelegea kidogo, kwa hiyo kwenye mkoba kiweke ubavuni, si kwenye kitako.

Kwa kitambaa chochote kipya usichokijua jina, fanya majaribio haya kabla ya kukikata. Kiinue mbele ya dirisha: ukiona vitundu vya mwanga vilivyo wazi, kimelegea. Kikwaruze kwa ukucha. Nyuzi zikisogea na kuacha njia, mshono nao utazisogeza. Kivute kwa urefu, kwa upana, kisha kwa hanamu, yaani kimshazari. Kwa urefu hupaswa kukataa, kwa upana kikubali kidogo, na kwa hanamu kivutike kuliko kote. Kikunje ndani ya ngumi kwa muda, ukiachie, uone kinabaki na mikunjo kiasi gani. Mwisho, chukua uzi mmoja kwa kibano, uuwashe moto juu ya sahani ya udongo: pamba na kitani huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Hilo si jambo la udadisi tu, kwa sababu litakuambia pasi yako iwe na joto la kiasi gani.

Cha kuacha kabatini ni kile kinachovutika kwa urefu na kwa upana vilevile, pamoja na kile cha matabaka mawili mepesi yaliyoshikizwa kwa nyuzi hapa na pale. Hicho cha pili kinapendeza kwa nguo za watoto wachanga, lakini mkoba hakiuwezi.

Swali: Ni lazima nifue vitambaa vipya kabla ya kuvikata? Nimesikia kwamba kuweka chumvi au siki kwenye maji huzuia rangi kuchuja.

Jibu: Ukiwa unachanganya vitambaa vya aina tofauti, fua. Pamba nyingi hurudi kwa asilimia kadhaa inapofuliwa mara ya kwanza, na kila moja hurudi kwa kiasi chake. Mkoba uliochanganya kitambaa kilichorudi na kisichorudi utajikunja ubavuni baada ya kufuliwa. Vipande vidogo vilivyokatwa tayari kiwandani, kwa mfano mikanda ya upana wa sentimita 6 na nusu, visifuliwe, kwa sababu kingo zake zitafumuka na kusokotana hadi usiweze kupima tena.

Kuhusu chumvi na siki: siki husaidia baadhi ya rangi za sufu na hariri, lakini kwenye pamba iliyotiwa rangi kiwandani haigandishi chochote, na chumvi kwenye maji ya kufulia haifanyi zaidi ya hapo. Kinachochuja ni rangi ya ziada ambayo haikushikamana na uzi, na dawa yake ni kuitoa kwa maji na sabuni mpaka maji yawe meupe. Rangi za kutilia shaka zaidi ni nyekundu iliyokolea, nili na nyeusi. Lowesha pembe ya kitambaa, uilaze juu ya kipande cha bafta nyeupe, upige pasi. Bafta ikipata doa, rudia kufua.

Swali: Fundi, salaam. Je, naweza kuchanganya vitambaa vipya na suruali za jinzi na mashati yaliyochakaa? Na kila nikipanga rangi zangu, zinagombana.

Jibu: Unaweza, na umetanguliwa na mafundi hodari. Mifarishi ya akina mama wa Gee's Bend, jimboni Alabama nchini Marekani, ambayo mwaka 2002 ilionyeshwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, mingi ilishonwa kwa nguo za kazi zilizochakaa, zikiwamo jinzi, na mabaka yaliyopauka magotini yalitumiwa kama sehemu ya pambo. Kwa mkoba, hata hivyo, pauko na udhaifu ni vitu viwili tofauti. Kata jinzi kutoka nyuma ya mguu chini ya goti, ambako kitambaa hakijasuguliwa. Goti na makalio yaache. Mashati yawekwe mbali na kitako na mbali na mahali vishikio vinaposhonewa. Jinzi zenye nyuzi za mpira usizichanganye kabisa na pamba isiyovutika.

Kuhusu rangi kugombana, mara nyingi tatizo si rangi bali ni kukosekana kwa giza na mwanga. Panga viraka sakafuni, uvipige picha, kisha uigeuze picha iwe ya nyeusi na nyeupe. Ikiwa yote inaonekana kijivu kimoja, hakuna mpangilio utakaoiokoa. Ongeza kitambaa kimoja kilichokolea sana au kimoja cheupe. Angalia pia ukubwa wa nakshi: maua makubwa kama kiganja yakikatwa katika viraka vya sentimita 6 huwa mabaka yasiyoeleweka, kwa hiyo kitambaa cha namna hiyo kipe kipande kikubwa, na pengine ubavu mzima wa mkoba.

Swali: Ninaomba vipimo kamili vya mkoba wa safari wa siku mbili au tatu, wenye viraka nje, zipu juu na kitako kipana. Ningependa uingie ndani ya ndege. Nimeona ruwaza nyingi lakini sielewi namba zake zinatoka wapi, na nikibadilisha kipimo kimoja vyote vinaharibika.

Jibu: Swali lako ndilo lililoulizwa zaidi, na umeliuliza vizuri, kwa kuwa mtu akijua namba zinatoka wapi hahitaji ruwaza ya mtu mwingine.

Tuchukue mkoba wa urefu wa sentimita 45, kimo cha 30 na kina cha 20. Huo unabeba lita 27, kiasi kinachotosha nguo za siku tatu na jozi moja ya viatu. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, IATA, katika mwongozo wake linataja sentimita 56 kwa 45 kwa 25 kuwa ukubwa wa mwisho wa mzigo wa mkononi, pamoja na vishikio, mifuko ya pembeni na magurudumu. Lakini kila shirika la ndege hujiwekea kanuni zake, na mengine huruhusu mzigo mdogo zaidi, kwa hiyo soma kanuni za shirika utakalosafiri nalo kabla ya kukata kitambaa. Kumbuka pia kwamba mkoba wa kitambaa ukijazwa hutuna.

Mkoba huu ni paneli mbili tu, ya mbele na ya nyuma, ambazo kila moja hukatwa mraba katika pembe zake nne. Upana wa paneli ni urefu wa mkoba, ukiongeza kina, ukiongeza nafasi ya mishono miwili ya sentimita 1: 45 + 20 + 2, yaani 67. Kimo cha paneli ni kimo cha mkoba, ukiongeza kina, ukiongeza mishono: 30 + 20 + 2, yaani 52. Kina kimeingia kote kwa sababu nusu yake hukunjwa kila upande: nusu ya juu huwa sehemu ya mdomo, nusu ya chini huwa sehemu ya kitako, na nusu za pembeni huwa mbavu. Mraba unaokatwa kila pembe una upande sawa na nusu ya kina, yaani sentimita 10, ukipimwa kuanzia kingo mbichi za kitambaa. Ukitaka kina cha 16 badala ya 20, mraba utakuwa 8, na paneli itakuwa 63 kwa 48. Hiyo ndiyo hesabu yote.

Usikate paneli kwa kipimo hicho tangu mwanzo. Kudarizi, yaani kushona mistari inayoshikanisha matabaka, huikunja kazi na kuipunguza kila upande. Unganisha viraka hadi upate kipande cha takriban 72 kwa 57, kilaze juu ya pamba ya kujaza, ile ya tabaka la kati, iliyo kubwa zaidi kidogo, weka bafta chini, upige bandi (mishono mirefu ya muda) kuanzia katikati kwenda nje, kisha udarizi kwa mpangilio huo huo wa kutoka katikati. Mistari iachane sentimita 3 hadi 5. Ukiibana zaidi, mkoba utakuwa mgumu kama ubao, na ukiiachanisha sana pamba ya ndani itasogea. Hapo tumia sindano namba 90/14 na hatua ya mshono ya milimita 3. Ukimaliza ndipo ukate paneli iwe 67 kwa 52, na ndipo utoe miraba ya pembeni.

Bitana, yaani kitambaa cha ndani ya mkoba, ikatwe kwa kipimo kilekile. Ukiwa na kitambaa cha upana wa sentimita 110, paneli zote mbili zinaingia ubavu kwa ubavu zikilazwa kwa upande wao wa 52, kwa hiyo sentimita 70 za kitambaa zinatosha, mradi nakshi yake haina juu na chini. Chagua bitana ya rangi nyepesi. Najua wengi hupenda nyeusi kwa kuwa inaficha uchafu, lakini inaficha pia funguo, chaja na soksi moja.

Kwa mkoba wa aina hii sipendelei bitana inayoning'inia peke yake. Ilaze nyuma ya paneli iliyodariziwa, uishikize pande zote kwa mshono wa milimita 5 kutoka ukingoni, na tangu hapo uzihesabu kuwa kitambaa kimoja. Mfuko wa ndani ushonwe kwenye bitana kabla ya kuishikiza. Mishono ya ndani itafunikwa kwa mkanda wa kitambaa wa upana wa sentimita 5 uliokunjwa. Vitabu vingi vitakuambia mkanda huo ukatwe kwa hanamu. Kwa mkoba wenye mishono iliyonyooka hakuna haja, mkanda uliokatwa kwa kufuata mtande unatosha na hautapoteza kitambaa chako.

Sasa mpangilio wa kushona. Shona vishikio kwanza, paneli zikiwa bado bapa. Kisha unganisha paneli mbili kwa zipu kwenye kingo zao za juu, kati ya miraba iliyokatwa, ambako pana sentimita 47. Halafu unganisha kingo za chini, kisha mbavu mbili. Utabaki na matundu manne kwenye pembe. Kabla ya kuyafunga, fungua zipu hadi katikati. Usipofanya hivyo utakuwa umejifungia mkoba uliogeuzwa nje ndani. Bana kila tundu mpaka mshono wa ubavu ukutane sawasawa na mshono wa kitako, au na mstari wa katikati wa zipu kwa pembe za juu, shona kwa sentimita 1, shona tena juu yake, ufunike kwa mkanda, kisha ugeuze.

Swali: Mkoba nilioutia pamba ya kujaza ya kawaida ndani yake hausimami, ukiwa mtupu unaanguka. Niweke nini?

Jibu: Pamba ya mfarishi imetengenezwa ikunjike, kwa hiyo inafanya kazi yake. Weka badala yake sponji nyembamba ya milimita 5 hivi, ile yenye kitambaa chepesi pande zote mbili, ambayo hudariziwa kama pamba, haiongezi uzito mwingi na haihitaji bafta chini yake. Usiipige pasi ya moto moja kwa moja, kwa kuwa inaweza kusinyaa. Pasi iwe ya joto la chini na juu yake uweke kitambaa. Kwenye mishono ipunguze kwa mkasi hadi karibu na mstari wa uzi ili pembe zisivimbe. Kitako ukiongezee kipande cha plastiki ngumu cha sentimita 44 kwa 19, chenye pembe zilizoviringwa, ndani ya mfuko wake wa bafta unaotoka wakati wa kufua. Kadibodi isitumike: mara ya kwanza inapolowa ndiyo ya mwisho.

Swali: Vishikio vya mkoba wangu vilichomoka pamoja na kipande cha kitambaa. Uzi haukukatika.

Jibu: Maelezo yako yanaonyesha kwamba vilishonewa juu ya viraka karibu na mdomo, na uzito wote ukaning'inia kwenye sentimita chache za pamba. Vishikio vipite chini ya mkoba. Tumia mkanda uliofumwa wa upana wa sentimita 3 au 4. Uanzie ukingo wa chini wa paneli, upande hadi sentimita 15 kutoka ukingo wa juu, ufanye kitanzi, kisha ushuke sambamba hadi ukingo wa chini tena, mikono miwili ikiachana sentimita 16. Mkanda wa paneli ya mbele na wa nyuma ukikutana kwenye mshono wa kitako, mzigo unabebwa kutoka chini, na kitambaa kinabaki kufunika tu. Kila paneli itahitaji takriban sentimita 74 za kushonwa na 45 hadi 50 za kitanzi. Kwa mkoba mzima nunua mita 2 na nusu. Pale mkanda unapoachana na paneli, shona mraba wenye msalaba ndani yake, ukipenya matabaka yote, na nyuma ya bitana uweke kipande kidogo cha turubai ili uzi upate pa kushika. Mkanda wa plastiki hauchakai upesi, na ncha zake huzibwa kwa kuzipitisha karibu na moto, lakini huyeyuka chini ya pasi. Wa pamba ni laini mkononi, ila ufuliwe kwanza kwa sababu hurudi.

Swali: Zipu ya namba gani? Na kwa nini yangu ina mawimbi?

Jibu: Namba 5. Namba hiyo hukaribiana na upana, kwa milimita, wa meno yakiwa yamefungwa, na namba 3 inayotumika kwenye magauni ni dhaifu kwa mdomo wa mkoba. Nunua ndefu kuliko mdomo, sentimita 55 kwa mkoba ulioelezwa hapo juu, ili kichwa cha zipu kikae nje ya njia unaposhona, kisha ukate mabaki baada ya kuzifunga ncha kwa mishono kadhaa. Zipu ya plastiki, ile ambayo meno yake ni uzi uliojiviringa, hukatwa kwa mkasi. Ya chuma haikubali hivyo. Mawimbi hutokea kitambaa kinapovutwa wakati zipu imetulia, hasa kingo za viraka zikiwa zimekatwa kwa hanamu. Piga mshono mmoja wa kuzuia kitambaa kisivutike, milimita 5 kutoka ukingoni, kabla ya zipu kukaribia, na ubane kwa vibanio badala ya pini.

Swali: Cherehani yangu ya nyumbani inakwama kwenye pembe, penye matabaka mengi.

Jibu: Weka sindano namba 100/16, uzi wa poliesta, na hatua ya milimita 3 hadi 3 na nusu. Gonga pembe kwa nyundo juu ya ubao, kitambaa kikiwa kimefunikwa, mpaka ilale. Si mzaha, matabaka ya pamba hupungua unene kwa kugongwa. Mguu wa cherehani ukipanda mlima wa mshono huinama nyuma na hatua hufupika, kwa hiyo weka kitambaa kilichokunjwa chini ya kisigino chake ili ukae sawa. Kama bado inakataa, ondoa mguu wako kwenye kanyagio na uzungushe gurudumu kwa mkono, hatua moja moja, hadi uvuke. Mishono kumi ya mkono ni nafuu kuliko sindano iliyovunjikia ndani ya bobini.

Swali: Mkoba wa viraka unafuliwaje?

Jibu: Toa plastiki ya kitako, fungua zipu yote, upukute pembe kwa brashi kavu. Loweka kwa muda mfupi katika maji baridi yenye sabuni laini, sugua kitako na vishikio tu, suuza bila kukamua kwa kusokota. Ujaze mataulo makavu ili upate umbo, uning'inize juu chini kwa kuubana kwenye mishono ya kitako, mahali penye hewa na kivuli, kwa kuwa jua kali hupausha batiki na nili kabla ya rangi nyingine. Sponji hukauka taratibu kuliko kitambaa kinachoifunika. Bonyeza kitako na pembe kwa kidole kabla ya kurudisha plastiki, na zikiwa bado baridi uuache uendelee kukauka.